Miembe ya Kwihara na Maua ya Uani





Dominika iliyopita, baada ya Misa katika kigango chetu cha upande wa Kwihara, tuliombwa tusiondoke upesi. Halmashauri ya walei ilikuwa na jambo. Mbele ya kanisa lile dogo imesimama miembe mitatu mikongwe, ambayo watu watatu wakishikana mikono ndipo waweze kuuzunguka mmoja wao. Hoja iliyoletwa ilikuwa fupi: miembe ikatwe, uwanja utandazwe vitofali kama tunavyoviona siku hizi mbele ya maduka ya mjini Tabora, na pembezoni ipandwe ashoki kwa mistari miwili, iwe kama walinzi wa heshima toka barabarani hadi mlangoni. Makadirio yalikuwa yameandikwa kwa mkono safi, na sehemu ya fedha ilikuwa imekwisha kuchangwa.

Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Ya kwanza, mizizi imeanza kuinua msingi wa ukuta wa kaskazini. Ya pili, ambayo kila mtu aliicheka na kuikubali, ni kwamba msimu wa maembe ukifika watoto hupiga mawe, na mawe yanayokosa embe hayakosi bati. Ya tatu ilisemwa na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya muda wote. Alisimama, akavua kofia, akasema: "Baba, miti hii ni ya watumwa. Chini yake watu walifungwa. Kwa nini nyumba ya Mungu ikae kwenye kivuli cha aibu?"

Baada ya neno hilo hakuna aliyecheka. Nasi hatukutoa uamuzi. Tuliomba juma moja la kutafakari, na tukaahidi kuandika hapa yale tutakayoyaona kuwa ya haki. Tunatimiza ahadi, tukianza na hoja ya yule mzee, kwa kuwa hizo nyingine mbili zina dawa.

Sisi wenyeji huisahau Kwihara kwa sababu ipo karibu mno. Wageni huja kutoka mbali kulitazama tembe, nasi tunapita kando yake na baiskeli tukiwahi mnada. Lakini katika karne ya 19 hapa palikuwa moyo wa Unyanyembe, katika njia ya kati iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, na wote kwa miguu. Burton na Speke walipofika Kazeh, jirani na hapa, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga, kulima na kupanda matunda ya pwani. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, akajitia katika vita vya Waarabu dhidi ya Mtemi Mirambo, kisha akaenda Ujiji. Februari 1872 alirejea pamoja na Livingstone. Mwezi wa Machi Stanley akashika njia ya pwani, na yule mzee mgonjwa akabaki katika tembe hadi Agosti, akingojea wapagazi. Oktoba 1873 alipita tena Kwihara, safari hii akiwa maiti mabegani mwa Chuma, Susi na wenzao. Waingereza waliowakuta hapa waliwashauri wamzike papa hapa, wao wakakataa na kuendelea hadi pwani.

Hayo yameandikwa katika vitabu, na yataendelea kuandikwa. Walakini Livingstone alikuwa mmoja. Waliopita njia hii wakiwa na kongwa shingoni walikuwa maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyeyaandika majina yao. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia. Vituo sita vimetajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Sisi tumo. Kwihara yetu, ambayo watoto wetu hudhani ni shamba tu la bibi, imetajwa.

Sasa, mwembe si mti wa nchi hii. Asili yake ni Asia ya Kusini; ulifika pwani kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, ukaingia bara pamoja na misafara. Wazee wengine husimulia kwamba mateka walipewa maembe wakatupa kokwa njiani, na kokwa zikaota. Wengine husema kwamba wenye misafara walipanda kwa makusudi ili wapate kivuli na chakula kituoni. Hayo mawili hayapingani. Baadaye serikali za kikoloni nazo zilipanda miembe kandokando ya barabara, kwa hiyo si kila mwembe mnene unaouona Tabora ni wa enzi ya misafara. Lakini mwembe huweza kuishi zaidi ya miaka 100 bila taabu, na desturi ya kupanda miembe kwenye vituo vya njia hii ni ya kale.

Mzee wetu amesema kweli, basi. Chini ya miembe ya njia hii waliketi watu waliofungwa. Lakini tumwombe asikilize na upande wa pili. Chini ya miembe hiyo hiyo waliketi pia wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru waliojiajiri kwa ujira, waliojivunia safari ya pwani kiasi kwamba kijana asiyewahi kuiona bahari hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Waliketi wanawake waliofuata misafara wakiwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulipita Tabora ukielekea maziwa makuu, nao, bila shaka yoyote, walikitafuta kivuli saa ya mchana kama kila msafiri. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya miguu ikanyamaza. Miti ikabaki.

Tena tulitazame jambo hili. Ujiji, mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, pana ukumbusho. Mwembe wa awali ulikwisha kufa, na miembe inayosemekana kuwa ya uzao wake imesimama pale ikitunzwa, na mgeni huonyeshwa. Na kule Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti ambao sisi Tabora tunauita mbula, ule ule ambao matunda yake tuliyaokota tukiwa wachunga mbuzi. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa, na kipande cha shina chenye maandishi kikapelekwa London kikahifadhiwa. Kwa ajili ya watu wawili walioshikana mikono, miti imekuwa kumbukumbu yenye walinzi. Kwa ajili ya hao maelfu hatuna jiwe, hatuna msalaba, hatuna daftari. Tuna mwembe. Tukiukata kwa kuwa unatuonea aibu, tutakuwa tumeifuta kumbukumbu pekee waliyonayo, na kuweka vitofali juu yake.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayotufanya tuseme: miembe isikatwe.

Tukirudi kwenye mizizi na mabati, tunakubali kwamba hasara ni ya kweli. Mwembe mmoja, ule wa kaskazini, una matawi mawili yaliyolala juu ya paa. Hayo yapogolewe na mtu anayejua kazi, kwa msumeno, si kwa panga na kelele. Ukuta utazamwe na fundi. Kuchimba mfereji na kukata mizizi michache iliyo upande wa msingi hakuuui mti mkubwa kiasi kile, mradi isikatwe ya pande zote. Gharama yake ni ndogo kuliko vitofali. Na juu ya mawe ya watoto tutasema mwishoni.

Lakini hatupendi barua hii isomwe kana kwamba tunawakemea wenye hoja ya ashoki. La hasha. Tumefurahi. Tangu tufike katika parokia hii tumesikia mara nyingi waamini wakichanga kwa ajili ya bati, saruji, vyombo vya muziki, na mara moja kwa ajili ya kapeti ambalo mchwa walilitangulia. Hii ni mara ya kwanza watu kuchanga ili mahali papendeze kwa kitu chenye uhai. Hamu hiyo ni njema, na padre anayeizima atajibu.

Neno "urembo" limepata sifa mbaya katika vinywa vya wacha Mungu. Tukisema mti wa urembo, maua ya urembo, tunamaanisha kitu kisicho na kazi. Mhindi una kazi, mhogo una kazi, mwarobaini una kazi arobaini kama jina lake lilivyo. Ua lina kazi gani? Katika kigango hicho hicho kuna mama mjane ambaye uani kwake amepanga makopo na madumu yaliyokatwa katikati, na ndani yake mna bogainvilea, krotoni, mawaridi mawili na mimea mingine ambayo jina lake hata yeye halijui. Mwezi huu wa Oktoba, visima vikiwa chini na ndoo ya maji ikiwa na bei, jirani walimsema katika jumuiya kwamba anamwaga maji kwa majani. Tulikwenda kumtembelea tukiwa, tukiri, tumekwisha kuchukua upande wa jirani. Tukamkuta akimwagilia kwa maji aliyooshea mchele na mboga, kikombe kimoja kwa kopo moja. Hakujitetea. Alisema tu: "Baba, nyumba yangu haina kitu cha kumwonyesha mgeni. Sasa mgeni akija anaanza na maua."

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu, tukafungua Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Mara ngapi tumeisoma sura ile bila kuona mpangilio wake! Mungu anapanda bustani kabla ya kumweka mtu ndani yake, na mwandishi anapoitaja miti aliyoiotesha, anataja kwanza kwamba ilipendeza kutazamwa, kisha ndipo anapotaja kwamba ilifaa kwa chakula. Sisi tungeanza na chakula. Na katika Injili ya Yohane, Maria wa Bethania alipomimina marhamu ya thamani, aliyesimama kuuliza kwa nini haikuuzwa wapewe maskini alikuwa Yuda. Hatusemi kwamba kila anayehesabu gharama ni Yuda. Sisi wenyewe tunahesabu gharama kila Jumatatu asubuhi. Tunasema tu kwamba hesabu ile haikuwa ya upendo kwa maskini. Maskini wa Kwihara, tulimwona kwa macho yetu, ndiye aliyekuwa anamwagilia.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha jambo ambalo huenda lilipita bila kusikika: kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba sehemu ya bustani ya konventi iachwe daima bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote humo. Fikirini: ndugu wale walikuwa ombaomba, kila tuta la mboga lilikuwa na maana kwao, lakini kipande kikaachwa kwa ajili ya maua ambayo hakuna aliyeyapanda.

Na hapo ndipo tunapokuja kwenye neno letu juu ya ashoki.

Ashoki ni mti mzuri. Umetoka India na Sri Lanka, ni wa kijani mwaka mzima, umenyooka kama mshumaa. Hauangushi matunda juu ya bati. Lakini una tabia moja: unatia kivuli mguu wake tu. Katika nchi ya baridi hilo si neno. Katika Tabora, ambako mvua huanza Novemba na kwisha Aprili, na miezi mingine jua ni moja kwa moja juu ya utosi, kupanda mistari miwili ya miti isiyotoa kivuli mbele ya kanisa ambalo watu wake hutembea saa mbili kufika ni kupanda picha ya mti. Na ashoki wachanga hutaka maji. Tulipanda kumi na wawili kando ya nyumba ya mapadre mwaka wetu wa kwanza, tukasafiri kwenda mafungo mwezi wa Septemba, tukarudi tukakuta vijiti kumi.

Kosa hilo lina ndugu yake mkubwa, nalo ni zito zaidi kwetu kuliandika. Ili kupata nafasi ya ashoki wale na maegesho ya gari, tuliagiza ukatwe mti mmoja uliokuwapo. Ulikuwa mwezi wa Julai, mti ukiwa mtupu, magome yake yamechunwa na wachimba dawa hadi kimo cha mtu, nasi tukaona ni mti mbaya. Hatukujua jina lake. Mpishi wetu alitwambia jioni, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumkosea padre, kwamba ulikuwa mlundalunda, na kwamba tungengoja majuma sita tungeona.

Mwaka uliofuata tuliona, katika pori la njia ya Sikonge. Mlundalunda, ambao wengine huuita mkundekunde, hutoa maua kabla ya majani, katikati ya kiangazi, wakati hakuna kitu kingine chenye nguvu. Mti mzima unakuwa wa njano, njano ya dhahabu, juu ya majani makavu na majivu ya moto wa pori. Kisha hutoa maganda marefu yanayoning'inia, mengine yafikia urefu wa mkono wa mtu. Hauhitaji kumwagiliwa ukishashika ardhi, maana ni mtoto wa ardhi hii. Magome yake ni dawa ya tumbo na homa kwa wazee wetu, na ndiyo sababu miti mingi huchunwa pande zote hadi ikafa. Kama ungeletwa na meli kutoka Brazil tungeununua kwa bei ya mbuzi.

Wala si huo peke yake. Nani kati yetu amewahi kusimama mwishoni mwa Septemba akautazama mtundu ukitoa majani mapya? Kabla ya tone la kwanza la mvua, miombo yetu huvaa majani mekundu, ya rangi ya shaba na ya divai, na ukiwa juu ya kilima unaona pori zima kama limewashwa kwa ndani, kisha polepole hugeuka kijani. Watu wa nchi za baridi husafiri kwenda kuyatazama majani yao yakifa kwa rangi hizo. Yetu huzipata yakizaliwa, na tunayakata tukaushie tumbaku na kuchoma mkaa. Tunaelewa kwamba tumbaku hulipa karo, na hatumhukumu mkulima wa Urambo au wa Uyui anayetafuta kuni za bani lake. Lakini mtundu na muwa ndiyo miti inayompa nyuki wa Tabora asali yake, hiyo asali tunayoitia katika chupa na kuwapelekea wageni kwa fahari. Mtundu mmoja ukiachwa katika kiwanja wakati wa kusafisha ili kujenga, badala ya kung'olewa ili baadaye upandwe mti wa dukani, ni bustani iliyokwisha kukua.

Tunakumbuka hapa kisa kimoja cha nchi yetu. Katika misitu ya Usambara huota ua dogo la rangi ya zambarau, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Leo limo katika madirisha ya nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani, wenye nyumba wakilijua kama ua la Afrika. Kwao porini, baadhi ya aina zake zinakaribia kutoweka kwa sababu misitu inakatwa. Na huku Tanga na Tabora mtu akitaka kupamba sebule hununua ua la plastiki.

Tukiwa hapo, neno moja kwa wapambaji wa altare. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma hutaka maua yawe kwa kiasi, yakae kuizunguka altare kuliko kurundikwa juu yake, na wakati wa Kwaresima yasiwepo, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Ua la plastiki halijui Kwaresima. Linakaa pale mwaka mzima likikusanya vumbi, na wakati wa Pasaka hakuna kinachorudi kwa sababu hakuna kilichoondoka. Tunawashukuru akina mama kwa gharama yao, lakini yale yaliyo juu ya tabernakulo tutayaondoa kwa heshima juma hili. Tawi moja la bogainvilea la yule mjane linatosha.

Baadhi yenu mtauliza kama basi tunakataza miti ya kigeni. Hapana, tukifanya hivyo itatubidi tuanze na mwembe wenyewe. Mkrismasi, ambao huwaka mwekundu Kristo anapozaliwa, umetoka Bukini. Bogainvilea na mjakaranda ni wa Amerika ya Kusini. Mwarobaini ni wa Bara Hindi. Wote wamekaribishwa, wamekaa vizuri, na hatujui Desemba ya Tabora ingekuwaje bila mkrismasi. Upandwe tu mbali na ukuta na na karo la maji, kwa maana mizizi yake hutambaa juu juu na ina nguvu kuliko saruji yetu.

Lakini wapo wageni wasiofaa kukaribishwa bila kuulizwa. Lantana ililetwa ili iwe ua la kupendeza na uzio. Leo imefunika malisho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na ng'ombe wakiila huugua. Senna ile ya maua mengi ya njano iitwayo spectabilis, iliyopandwa majumbani kwa kivuli na urembo, imeingia katika Hifadhi ya Mahale na katika misitu ya Uganda, na kuiondoa imekuwa kazi ya miaka. Mtu asichanganye njano hiyo na njano ya mlundalunda. Na wenye watoto wadogo wajihadhari na oleanda, yenye maua ya waridi na meupe, pamoja na thevetia, yenye maua ya njano kama tarumbeta ndogo. Mimea hiyo miwili ina sumu ya moyo, kuanzia jani hadi mbegu, nasi tumeiona imepandwa mbele ya shule ya chekechea. Minyaa ya wazee wetu, iliyozungushiwa vijiji vya Unyamwezi tangu kabla ya Burton, nayo utomvu wake huumiza macho. Lakini hiyo angalau kila mtoto hapa amefundishwa.

Wapo pia wanaosema maua karibu na nyumba huleta mbu na nyoka. Mbu huzaliwa katika maji yaliyotuama; tazameni kopo lililo chini ya ua, si ua. Na nyoka hupenda kichaka kisichopogolewa pamoja na rundo la matofali ya zamani, ambalo, kwa uzoefu wetu wa kutembelea nyumba, hupatikana hata pasipo na ua hata moja.

Basi, baada ya kushauriana na mwenyekiti wa halmashauri, ambaye amekuwa mwungwana kuliko tulivyostahili, mambo yatakuwa hivi. Miembe mitatu inabaki. Msumeno utakuja Jumatatu kwa ajili ya yale matawi mawili, na fundi atautazama ukuta. Fedha zilizochangwa hazitarudishwa wala hazitahamishiwa kwenye vyombo vya muziki: zitanunua mabati manne ya kuziba pale palipotoboka, na mabenchi ya kuweka chini ya miembe. Yule mzee tumemwomba, mvua zikianza, atueleze sote, watoto wakiwa mbele, yale aliyosimuliwa na babu yake juu ya njia hii, akiwa ameketi chini ya mti anaouchukia. Amesema atafikiri.

Nyuma ya nyumba ya mapadre kuna miche arobaini ya mlundalunda katika viriba. Tuliloweka mbegu usiku mmoja, tukazipanda, na nyingi zimeota, jambo lililotushangaza. Kila jumuiya ilete watu wawili Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kushika, pamoja na jembe na samadi kidogo. Kumi itapandwa kando ya njia ya kuingilia kigangoni, mahali palipokusudiwa ashoki. Mmoja utapandwa kando ya maegesho yetu, nasi tutachimba shimo lake wenyewe. Inayobaki ni ya majumbani, na tumeomba achague kwanza yule mama wa makopo.

Kuhusu mawe: katekista amefunga kikapu kidogo kwenye ncha ya mti mrefu wa kuangulia, nao umewekwa nyuma ya mlango wa sakristia. Mtoto anayetaka embe auombe. Maembe ya mwembe wa kusini, tumeonja, bado ni machachu.